Shajara ya mradi: TownAce ya mkononi kwa kazi ya AC na friji, Dar

2 Machi: nataka nini hasa

Naanza kuandika hii kwa sababu nilipotafuta mtu aliyeeleza hatua kwa hatua namna ya kununua gari ya kazi ya mkononi hapa Dar sikupata, nilichopata ni matangazo tu ya "gari ipo safi, haidaiwi, njoo na fundi wako". Mimi ni fundi AC na friji. Kazi zangu nyingi ziko Kinondoni na Ubungo, napanda mpaka Tegeta na mara mojamoja Kigamboni. Mzigo wangu ni ngazi, vakyum pampu, mitungi ya gesi ya kupozea ya R22 na R410A, pampu ya kuoshea AC na kopa paipu, na mteja akinunua AC mpya Kariakoo anataka niende nayo mimi mwenyewe. Sa hivi nakodi guta au kirikuu, na kuna wiki hela ya kukodi inazidi ile inayobaki mfukoni.

Bajeti milioni 15, hapo ndani kuna gari, makaratasi na matengenezo ya kwanza. Gari iwe na bodi ya kufunga, ibebe splita (AC za ukutani) tatu na watu wawili bila kulia, na isiwe mlevi wa mafuta.

Kirikuu niliitoa mapema japo inakula kidogo sana na spea zake zipo kila kona. Iko wazi, mvua ikinyesha mzigo ni wako, na ukikwama foleni usiku vibaka wanachagua vifaa huku wewe umeshika usukani. Suzuki Every imefunikwa lakini injini ni ileile ya kirikuu, cc 660, na uwezo wake wa mzigo ni kilo 350, nikishapanga vifaa vyangu nafasi ya AC ya mteja haipo. Noah zipo nyingi ila ile ya 2000 cc kwenye foleni za Dar inakunywa, alafu kadi yake inasema ni ya abiria, ukiing'oa viti ukaigeuza ya mzigo una maelezo ya kutoa kila ukisimamishwa. HiAce ndio mwanaume mwenyewe ila kwa bei zinazotajwa nitakua naitazama barabarani tu.

Iliyobaki ni TownAce van, ile shepu mpya ya kuanzia 2008, namba ya modeli S402. Injini ni 3SZ-VE, cc 1,495, ndio hiyohiyo ya Toyota Rush kwaiyo spea hazisumbui, na inatumia cheni ya taimingi sio mkanda. Ya viti viwili inabeba kilo 750. Kitu ambacho wengi hawajui, hizi hazikuundwa Japani, zinatengenezwa kiwanda cha Daihatsu kule Indonesia alafu zinauzwa Japani, kwaiyo ukiona Indonesia kwenye kibati usidhani umepigwa.

Kuagiza nimeiacha. Gari ikizidi miaka kumi inaongezewa ushuru wa uchakavu, na nilipoweka ya 2009 kwenye kikokotoo cha TRA kodi peke yake ilikua inaikaribia bei ya gari.

16 Machi: nilizoziona nikaziacha

Ya kwanza ilikua Sinza, nyeupe, rangi inang'aa, namba D, bei milioni 13. Dalali anaongea kuliko mwenye gari. Nikaomba kadi orijino, nikaletewa kopi. Orijino iko wapi? "Ipo kwa wife, kasafiri." Sawa, nikamwambia nitasubiri wife arudi. Baadae jamaa mwingine pale yadi akaninong'oneza kwamba kadi iko kwa watu wa mkopo, wale kausha damu, na mwenye gari anataka hela yangu ndio akaikomboe. Inawezekana kabisa angeikomboa. Inawezekana pia ningebaki na gari ambayo siku moja asubuhi naikuta haipo na aliyeichukua ana karatasi halali kuliko zangu. Hapa msimamo wangu ni mmoja, kadi orijino mezani kabla hata bonneti haijafunguliwa.

Ya pili ilikua Mbezi, bei ya chini mpaka inatia shaka. Ndani inanukia ile manukato ya kuning'iniza, tena zimewekwa mbili. Fundi wangu hakwenda hata kwenye injini. Alikaa kiti cha abiria akavuta mkanda wote mpaka mwisho, na pale mwisho kabisa, sehemu ambayo huwa haitoki nje, kulikua na mstari wa tope kavu rangi ya udongo wa Jangwani. Akapapasa reli za kiti kwa chini, vidole vikatoka na kutu. Gari ililala kwenye mafuriko. Muuzaji akasema ni vumbi tu. Vumbi halichori mstari ulionyooka, tukaaga.

Nyingine zilikua mambo ya kawaida, moshi wa bluu, gia haiingii, chesesi namba haisomeki. Sizielezei.

30 Machi: imepatikana

TownAce S402M ya 2009, gia za mkono, viti viwili, odometa 168,000, iko Segerea kwa mzee mmoja mstaafu aliyekua anasambazia mayai. Mayai ni jambo zuri sana kwenye historia ya gari, maana hayataki kukimbizwa wala kurushwa kwenye mashimo.

Tulipofika mara ya kwanza injini ilikua ya moto. Fundi akaweka kiganja juu yake, akanitazama, akasema turudi asubuhi na tusipige simu kwanza. Injini ya moto inaficha mengi, inawaka vizuri, haigongi, haitoi moshi. Tukarudi saa moja kasoro, mzee bado na msuli. Ikawaka kwa kuulizwa mara moja, cheni ilisikika kidogo alafu ikanyamaza oili ilipopanda. Moshi hamna. Tukainua kiti cha abiria maana injini iko chini ya viti, tukakuta kavu, ila maji ya rejeta yalikua maji ya bomba yenye rangi ya chai ya rangi. Nikaliandika hilo pembeni.

Kabla ya bei nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za trafiki, ikatokea faini moja ya 30,000. Kwenye parking za TARURA kuna deni dogo. Hivi vitu vinafuata namba ya gari, havimfuati mtu, ukinunua bila kucheki umenunua na madeni.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba kijana wangu. Umeiona? Haina tatizo hata moja hiyo."
"Nimeiona mzee wangu, gari umeitunza. Ila tairi za nyuma zimeisha, maji machafu, na kuna faini."
"Faini nitalipa mimi. Sema bei yako."
"Kumi na mbili."
"Aa, hapo unanivunjia heshima."

Alikua anataka 14.5. Tumeongea mpaka chai ikaletwa, tukaishia 12.9, yeye analipa faini na parking, dalali namlipa mimi laki tatu. Dalali alikua ameweka cha juu chake humo ndani nadhani, maana mzee aliposikia namba ya kwanza niliyotajiwa mimi aligeuka kumwangalia.

Fundi wa kukagua 50,000.

8 Aprili: makaratasi

Mkataba kwa wakili 50,000, kopi za NIDA na TIN zetu wote wawili, picha za pasipoti, kadi orijino. Uhamisho TRA: ada 50,000, kadi mpya 10,000 na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, yaani 129,000, jumla 189,000, unalipa kwa kontroli namba. Pesa ya gari nilipitisha benki kwa benki sikubeba kashi. Bima ndogo na vikorokoro vyake 236,000, ya gari ya biashara ni ghali kuliko ya gari ya kutembelea kwaiyo usipige hesabu kwa bima ya Passo ya shemeji yako.

Msisahau, kama muuzaji ni mzee au anaishi mbali malizeni uhamisho wakati bado mnapokea simu za kila mmoja. Ukiacha gari kwenye jina la mtu kwa miaka, siku akifariki unaanza kutafuta warithi.

20 Aprili: sevisi na mashelfu

Oili, filta ya oili, eakilina, oili ya gia na difu, 185,000 pamoja na ufundi. Hamna la kusimulia hapo.

Mashelfu ndio yalinipa somo. Nilianza na MDF kwa sababu ni rahisi na fundi Keko alinikatia vizuri sana. Kilichotokea ni kwamba vifaa vya AC havikauki, mabomba ya dreni na pampu ya kuoshea vinarudi na maji, na MDF ikinywa maji inavimba kama andazi. Droo ya chini haikufunguka tena. Nikaitoa yote nikaweka fremu ya bomba la mraba la nchi moja na mbao za marine plai. Welda alitaka kutumia anglo nene nikamkatalia, kila kilo ya chuma unayoichomelea unaibeba kila siku mpaka Tegeta na kurudi. Yote kwa yote, na ile ya kwanza iliyokufa, 420,000.

Mitungi ya gesi niliifikiria zaidi. Mtungi wa R410A hautakiwi kuzidi nyuzi 50 hivi, na van iliyofungwa ikisimama juani Dar saa nane mchana inafika hapo bila shida. Nimeiwekea kibanda chake chini kabisa upande wa mlango, imefungwa mkanda isimame wima, na kazi ikiwa ndefu naishusha kivulini. Hailali ndani ya gari.

Friji la milango miwili la urefu wa kawaida halisimami humu, nilijua hilo wakati nanunua. Unalilaza kwa ubavu, na ukifika unaliacha limesimama masaa kadhaa kabla ya kuwasha ili oili irudi kwenye kompresa. Mteja akiwa na haraka mwambie hivyohivyo.

4 Mei: inakula mafuta

Hapa ndio pana kazi. Nilijaza full tenki sheli moja, nikatembea kazi zangu za kawaida, nikarudi pampu ileile nikajaza tena mpaka inakata. Kilomita 312, lita 38. Hiyo ni 8.2 kwa lita. Wenye gari kama hii wananiambia 11 mpaka 12 kwa mjini na mzigo wa kawaida, kwaiyo kuna mtu ananywa mafuta yangu.

Gereji ya kwanza wakasema plagi. Za dukani zipo za bei ya chini zenye boksi linalofanana kabisa na la orijino, hizo achana nazo, nilinunua nne kwa 100,000 kwenye duka la Gerezani wanalotoa risiti na wanakubali kurudishiwa. Kuosha throto 40,000. Kuosha nozeli 80,000. Injini ikatulia kidogo kwenye silensa (ikiwaka bila kukanyaga mafuta), nikakubali. Nikapima tena: 8.5. Yaani 220,000 kwa nukta tatu.

Fundi akahamia kwenye sensa ya oksijeni, ana ya mtumba 150,000. Nikamuuliza umeipima? Anasema gari ikila mafuta ni sensa hiyo. Nikamwambia asante kaka, nitarudi.

Nikanunua kidude cha OBD Kariakoo, 35,000, kinasoma kompyuta ya gari na kinaongea na simu kwa blutuu. Nawashauri mnunue hiki kabla ya kununua spea yoyote. Taa ya injini haikua inawaka na hakikuonyesha kosa lolote. Ila unaweza kusoma joto la maji ya injini gari ikiwa inatembea, na hapo ndipo nilipoona maajabu. Kwenye foleni ya Mwenge inasoma 84, 86. Nikishaachia barabara ya Bagamoyo usiku hamna foleni, joto linashuka, 75, 70, mpaka 63, na linabaki hukohuko. Injini nzima iliyowaka lisaa haitakiwi kuwa 63.

11 Mei: nyumba ya tamostati

Tukafungua nyumba ya tamostati na fundi wangu yule wa mwanzo. Ndani hamna kitu. Kuna raba tu imekaa mviringo pale tamostati ilipotakiwa kuwa, imekakamaa, imeacha alama ya miaka. Mtu aliitoa akafunga kama vile hakuna kilichotokea.

Mafundi wetu wengi wanaitoa na ukiwauliza jibu ni moja, "huku kwetu joto, tamostati ni ya nchi za baridi". Kazi yake sio kuleta joto tu, inazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, na inalishikilia hapo. Ikikosekana, gari ikikimbia upepo unapoza maji kupita kiasi, sensa inaiambia kompyuta injini bado baridi, kompyuta inaongeza mafuta kama vile ni asubuhi ndio umewasha. Inaongeza njia nzima mpaka Tegeta. Gari za zamani za kabureta hazikua na kompyuta ya kudanganywa hivi, nadhani tabia ilitokea huko ikabaki.

Tamostati mpya 45,000, kulanti 50,000, ufundi 30,000.

Tukadhani tumemaliza. Kesho yake jioni, Ubungo, foleni imesimama, naangalia simu: 92, 96, 101, 104. Nikazima AC, nikafungua vioo, nikawasha hita ya ndani mwisho kabisa na feni mwisho, nikawa nachemka mimi badala ya injini. Joto likashuka mpaka 97 nikajikokota mpaka pembeni. Hita inasaidia kwa sababu ni kirejeta kidogo cha pili, kumbukeni siku mkibanwa.

Kwaiyo tamostati ilitolewa kwa sababu. Rejeta ilikua imeziba nusu kwa yale maji ya chai, gari ikawa inachemsha, na badala ya kuzibua rejeta mtu akatoa tamostati, joto likashuka, mteja akafurahi akalipa. Mzee wa mayai hakujua lolote, nilimpigia kumuuliza tu, akasema alishapelekwa gereji siku moja gari ilipochemsha na "wakaitibu".

Rejeta ilishushwa ikapelekwa Gerezani kuzibuliwa, matope ya kutu yaliyotoka yangejaza kikombe. 70,000. Sasa inakaa 84 mpaka 92, foleni au barabara wazi.

18 Mei: tairi la moto

Bado nilikua na wasiwasi gari ikiachiwa haiteremki yenyewe vizuri. Baada ya safari nikashika rimu zote nne kwa mkono, ya nyuma kushoto haishikiki. Waya wa hendibreki ulikua umeshika kutu haurudi wote, breki shuu inasugua dramu muda wote. Waya, usafi na kurekebisha 60,000.

Nikapima upya, full kwa full, pampu ileile, na njia zangu zilezile: kilomita 341, lita 30.7. Hiyo ni 11.1. Nikiweka lita kwa 2,900, kila kilomita 100 ilikua inakula kama 35,000, sasa ni kama 26,000.

1 Juni: mvua, gesi, na hesabu

Mvua za mwisho zilionyesha mlango wa pembeni unavuja juu kwenye reli. Sio raba, ni matundu ya skrubu ya kerea ya ngazi iliyokua juu na kung'olewa. Silikoni na washa za raba, 15,000.

Kila mtu ananiuliza kwa nini gari siifungi mfumo wa gesi (CNG) badala ya petroli. Kwa hesabu gesi inashinda wazi, kilo ni 1,550 na kilo moja inakupeleka karibu sawa na lita moja na nusu ya petroli, yaani kilomita 100 zangu zingekua kama 9,600. Kufunga niliambiwa milioni 1.8 na zaidi kutegemea mtungi. Natembea kama kilomita 250 kwa wiki, kwaiyo inarudisha hela ndani ya mwaka. Kinachonizuia ni vitu viwili. Mtungi wa lita 60 na chuma chake unakaa palepale ninapoweka splita ya tatu, na unabeba kilo 10 hivi tu, sawa na kilomita 160 kabla ya kurudi kujaza. Alafu foleni ya bajaji kwenye vituo, saa moja ya kusubiri kwangu ni AC moja sijaosha. Vituo vikiongezeka huku njia ya Bagamoyo nitafunga, na nitaenda sehemu inayotambulika, chuo cha DIT wanafunga, sio chini ya mwembe.

Jumla mpaka leo: gari 12,900,000, dalali 300,000, ukaguzi 50,000, wakili 50,000, TRA 189,000, bima 236,000, sevisi 185,000, mashelfu 420,000, plagi na kuosha 220,000, OBD 35,000, tamostati 125,000, rejeta 70,000, breki 60,000, kuvuja 15,000. Inakuja 14,855,000. Imebaki 145,000 na tairi mbili za nyuma bado sijanunua, kwa hela hiyo napata moja na nusu. Nikizifunga nitapima mafuta tena na kuweka namba hapa, maana mpya zitakua na upepo sahihi na hizi za sasa moja inapungua kila wiki.